Mapambo ya Waya na Mawe Ukambani: Maswali na Majibu ya Kujiandaa kwa Mtihani

Maswali haya ni ya mwanafunzi wa sanaa na ufundi anayejifunza kutengeneza mikufu, pete, bangili na vipuli kwa mawe ya kuokota na metali iliyokwisha kutumika, hasa yule anayesomea Kitui au Makueni. Mpangilio unaanza na waya, na jiwe linafuata baadaye. Nimefanya hivyo makusudi: mwanafunzi anayekimbilia jiwe kwanza huishia kuwa na jiwe zuri lililoning'inia kwenye mkufu wa kununua dukani, na kazi yake yeye haionekani.

Swali la 1. Kwa nini historia ya mapambo ya Wakamba huanzia kwenye waya na wala si kwenye kito? (alama 6)

Jibu: Kwa sababu kilichowapa wahunzi wa Ukambani sifa ni mikufu yao myembamba ya chuma na shaba. Chuma walikipata nyumbani. Mvua ikinyesha, maji hubeba mchanga mwepesi na kuacha nyuma mchanga mweusi mzito wenye magnetaiti, na huo ndio uliokusanywa vijitoni na kuyeyushwa kwa makaa na mivukuto ya ngozi. Ikutha, kusini mwa Kitui, bado inajulikana kwa mashapo yake ya chuma.

Shaba ilitoka pwani. Misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu Mombasa na kurudi na nguo, shanga na masango, yaani waya mnene wa shaba uliokunjwa mizunguko mizunguko. Mfano unaofaa kutajwa ni Kivoi wa Kitui, mfanyabiashara mkubwa aliyempokea mmishonari Johann Ludwig Krapf. Krapf alipokuwa huko Kitui ndipo alipouona Mlima Kenya, tarehe 3 Desemba 1849. Kivoi aliuawa mwaka wa 1851 wakiwa pamoja safarini kuelekea Mto Tana.

Watahiniwa wengi hujibu swali hili kwa kuandika juu ya shanga peke yake. Shanga zilikuwepo na zilipendwa, lakini zilifika zikiwa tayari. Masango yalifika yakiwa malighafi: fundi aliyavuta yakawa membamba, akayakata, akayaunganisha. Mswidi Gerhard Lindblom, aliyeishi Ukambani mwanzoni mwa miaka ya 1910 na kuchapisha kitabu chake kikubwa mwaka wa 1920, aliieleza kazi hiyo ya wahunzi kwa kina. Ukitaka alama ya ziada, taja pia kigoda cha mzee wa Kikamba, chenye miguu mitatu, ambacho uso wake hutiwa nakshi kwa kugongomea waya wa shaba ndani ya mbao.

Swali la 2. Waya huvutwaje ukawa mwembamba, na kwa nini lazima upashwe moto kila baada ya mivuto kadhaa? (alama 5)

Jibu: Fundi huwa na bamba la chuma kigumu lenye matundu yanayopungua ukubwa hatua kwa hatua. Ncha ya waya hunolewa kwa tupa, hupakwa mafuta au nta, hupitishwa kwenye tundu lililo dogo kidogo kuliko unene wake, kisha huvutwa kwa koleo upande wa pili. Waya hupungua unene na kurefuka. Halafu tundu linalofuata.

Kila mvuto huifanya shaba kuwa ngumu zaidi, kwa kuwa mpangilio wa chembe zake za ndani huvurugika. Ukizidisha, waya hupasuka au hukatika. Dawa ni kuupasha moto mpaka uwe mwekundu uliofifia, kisha kuuacha upoe au, kwa shaba nyekundu, kuutumbukiza majini mara moja. Fanya hivyo kivulini. Penye jua la Kibwezi saa sita mchana huwezi kuuona wekundu huo, na utajikuta umeyeyusha waya kabla hujatambua kwamba umepata moto wa kutosha. Shaba nyekundu huyeyuka kwa nyuzi 1,085 za Selsiasi, shaba ya manjano mapema zaidi, kwenye 900 na kitu, kwa sababu imechanganywa na zinki.

Swali la 3. Eleza hatua kwa hatua jinsi ya kutengeneza mkufu wa pete ndogo kwa mkono. (alama 8)

Jibu: Hili ndilo swali la msingi, na lijibiwe na mtu aliyewahi kulifanya. Chukua msumari wa inchi 4, ambao unene wake hukaribia milimita 4. Kata kichwa, lainisha ncha kwa tupa na msasa. Bana mwanzo wa waya dhidi ya msumari, kisha zungusha waya ukiubana, kila mzunguko ukigusa uliotangulia, bila pengo na bila kupandana. Utapata springi ndogo iliyoshikana. Ivue.

Ikate kwa msumeno mwembamba wa sonara, kwa mstari mmoja ulionyooka toka juu hadi chini. Koleo la kukatia hufanya kazi kwa haraka, ila huacha kila ncha ikiwa imechongoka kama paa la nyumba, na ncha mbili za namna hiyo hazikutani vizuri kamwe. Msumeno huacha nyuso bapa. Hapa ndipo mtahini anapotazama kwanza: huuinua mkufu, huupitisha kati ya vidole, na kila pete isiyofungwa sawasawa humkwaruza.

Sasa kufungua. Shika pete kwa koleo mbili, sukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma, kwa upande. Usizivute kwenda nje, kwa maana pete ikishapoteza mviringo wake hairudi. Wakati wa kufunga, zirudishe ncha zikipishana kidogo kupita mahali pake, kisha zirudishe tena mpaka zisuguane na kukaa. Utazisikia zikigusana. Pete iliyofungwa hivyo hukaa imebanana kwa nguvu ya springi yake yenyewe, na ndiyo maana hatuipashi moto shaba baada ya kuizungusha, isipokuwa kama tunakusudia kuilehemu.

Kuharakisha kazi, funga pete nyingi kwanza, kisha tumia pete moja iliyo wazi kuunganisha mbili zilizofungwa. Vipande vya pete tatu tatu huunganishwa baadaye kuwa saba, kumi na tano, na kuendelea.

Swali la 4. Mwanafunzi anataka mkufu wa sentimita 45 kwa waya wa shaba wenye unene wa milimita 1, akizungushia msumari wa milimita 4. Atahitaji pete ngapi na waya wa urefu gani? (alama 5)

Jibu: Mkufu ukinyooshwa, kila pete huongeza urefu sawa na kipenyo chake cha ndani, yaani milimita 4. Kwa hiyo 450 ÷ 4 = 112.5, tuseme pete 113.

Urefu wa waya kwa pete moja hukokotolewa kwa kipenyo cha katikati ya waya: 4 + 1 = milimita 5. Zidisha kwa 3.14, upate milimita 15.7. Pete 113 zitahitaji milimita 1,774, yaani karibu mita 1.8. Ongeza kidogo kwa ajili ya vipande vinavyopotea wakati wa kukata: andaa mita 2. Uzito wa shaba utakuwa kama gramu 12 na nusu.

Kosa la kawaida ni kutumia kipenyo cha nje, milimita 6, katika hesabu ya kwanza. Anayefanya hivyo hupata pete 75, na mkufu wake unafika sentimita 30 tu. Hautamzunguka mtu mzima shingoni.

Swali la 5. Shaba ya leo inapatikana wapi, na sheria inadai nini? (alama 6)

Jibu: Kwa mafundi wanaofunga upya mota na pampu za maji, ambao hubaki na waya wa shaba uliopakwa vanishi. Kwa mafundi wa umeme, waliobakiwa na vipande baada ya kutandaza nyaya nyumbani. Kwa shaba ya manjano, tafuta mifereji ya maji iliyoharibika, kufuli kuukuu na vali. Vanishi huondolewa kwa msasa. Plastiki ya waya wa umeme ichunwe kwa kisu. Kuichoma ni kujaza mapafu yako na ya jirani moshi wenye sumu.

Biashara ya skrepu inaongozwa na Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka wa 2015, inayomtaka mfanyabiashara awe na leseni na aweke kumbukumbu za anaowauzia na anaonunua kwao. Umuhimu wa sheria hiyo ulionekana wazi baadaye. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya njia ya umeme ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka na nchi ikaingia gizani. Lawama zilielekezwa kwa wanaohujumu miundombinu, na baadaye mwezi huohuo Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu, marufuku iliyoondolewa mwezi wa Mei. Mwanafunzi anayenunua waya mnene unaong'aa kutoka kwa mtu asiyeweza kueleza ulikotoka, huenda ananunua transfoma ya kijiji cha mtu mwingine. Chukua risiti, hata ya gramu mia.

Swali la 6. Taja metali ambazo mwanafunzi hapaswi kuziyeyusha au kuzivaa. (alama 3)

Jibu: Risasi, hasa ya betri za gari, kwa kuwa ni sumu mwilini na kwa mtoto huathiri ubongo. Mabati na waya uliopakwa zinki, kwa sababu zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na baridi ya usiku kucha. Vitu vilivyopakwa nikeli visitumike kwa vipuli: watu wengi ngozi yao huikataa.

Swali la 7. Ni mawe gani anayotarajia kuyapata mwokotaji wa Kitui na Makueni, na kwa nini ni hayo? (alama 7)

Jibu: Sehemu kubwa ya kaunti hizi mbili imekaa juu ya Ukanda wa Msumbiji, miamba ya kale iliyopikwa na kukandamizwa chini sana ya ardhi, kisha ikaja juu baada ya mmomonyoko wa mamilioni ya miaka. Mwamba wa kawaida ni naisi, wenye mistari myeusi na myeupe. Ndani yake na katika mishipa inayoukata hupatikana kwatzi, nyeupe au angavu; feldispa, ya waridi au ya maziwa; ulanga unaometameta; na ganeti, chembe nyekundu iliyokolea ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko punje ya mtama. Mwamba ukioza, laini huondoka na ngumu hubaki, ndiyo maana kwatzi na ganeti hukusanyika kwenye mchanga wa mito ya msimu kama Thua, Tiva na Kaiti.

Kuna pia mawe ya volkano. Uwanda wa Yatta ni mtiririko mmoja wa lava wa karibu kilomita 300, kati ya mirefu kabisa duniani, nao hutoa jiwe jeusi lililoshikana. Vilima vya Chyulu, upande wa Kibwezi, ni vichanga sana kijiolojia. Lava yake ya mwisho ilitiririka katikati ya karne ya 19, na baadhi ya mawe yake yamebeba vipande vya kijani vya olivini kutoka tabaka lililo chini ya ganda la dunia.

Tahadhari: usiandike kwamba Makueni imejaa tsavoraiti. Ganeti hiyo ya kijani ilipewa jina kutokana na Tsavo, na machimbo yake yanayojulikana yako Taita Taveta, kaunti jirani, ambako Campbell Bridges aliivumbua upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ukanda ni uleule, lakini mtahini anataka ulichokiona mtoni kwenu.

Swali la 8. Umeokota jiwe jekundu. Utajuaje kama ni ganeti au ni kipande cha chupa au taa ya gari? (alama 5)

Jibu: Jaribio la kwanza ni ugumu. Kisu cha chuma na kioo vina ugumu wa karibu 5.5 kwenye kipimo cha Mohs, kwatzi ina 7, ganeti huwa kati ya 6.5 na 7.5. Ganeti itakwaruza kioo, kioo hakitaikwaruza.

La pili, na ndilo la uhakika zaidi, ni uzito ndani ya maji. Pima jiwe likiwa hewani kwa mizani ndogo. Lifunge uzi, lining'inize ndani ya maji bila kugusa chombo, pima tena. Tuseme hewani ni gramu 8.4 na majini ni 6.3. Tofauti ni 2.1. Gawanya 8.4 kwa 2.1, upate 4.0. Ganeti nyekundu hukaa karibu na 4. Kwatzi ni 2.65 na kioo cha kawaida ni karibu 2.5. Hata kabla ya mizani, mkono uliozoea huhisi kwamba ganeti ni nzito kuliko umbo lake.

Swali la 9. Je, mtu ana ruhusa ya kuokota mawe popote? (alama 6)

Jibu: Hapana. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016, madini ni mali ya Jamhuri hata yakiwa kwenye shamba lako. Anayechimba kwa mikono anahitaji kibali cha uchimbaji mdogo, kinachotolewa kwa raia wa Kenya kwa muda usiozidi miaka 3, na anayefanya biashara ya vito anahitaji leseni yake. Mrabaha unaolipwa hugawanywa asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali yanapotoka. Ndani ya mbuga, kama Tsavo au Chyulu, usichukue hata kokoto.

Liko jambo lingine ambalo mimi nalipa uzito kuliko kibali. Mito yetu ya msimu ndiyo visima vyetu. Mchanga huhifadhi maji chini yake miezi yote ya kiangazi, na mabwawa ya mchanga yaliyojengwa na vikundi vya wanakijiji Kitui na Makueni yanategemea mchanga huo ukae. Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka wa 2015 kwa sababu hiyo. Anayefukua kingo za mto kutafuta ganeti huwanyima maji wanawake wanaochota hapo mwezi wa Septemba. Okota kilicho juu, baada ya mvua, na kwa idhini ya mwenye shamba. Chungulia pia marundo ya kokoto zilizotupwa na wachuja mchanga wenye leseni: kazi ya kutenganisha wameshaifanya.

Swali la 10. Fafanua jinsi ya kufunga jiwe kwenye mkufu bila kulitoboa. (alama 6)

Jibu: Kutoboa kwatzi kunahitaji ncha ya almasi na maji yanayotiririka, na jiwe moja kati ya kadhaa hupasuka. Waya hufanya kazi hiyo bila hasara. Kata nyaya mbili, kila moja ikiwa na urefu wa mara nne ya mzunguko wa jiwe. Zipashe moto zilainike. Ziweke msalaba chini ya jiwe, kwenye sehemu yake nzito, zizungushe mara moja mahali zinapokutana, kisha zipandishe pande nne mpaka juu. Tafuta vibonde vya asili vya jiwe na upitishe waya humo, kwa kuwa ndivyo vinavyozuia jiwe kuteleza. Juu, ncha tatu zisokotwe na ya nne ipindwe kuwa kitanzi, kisha izungushwe shingoni mwa msokoto mara tatu. Sukuma ncha ndani kwa koleo, pitisha kidole kuhakikisha haichomi.

Mimi hupendelea jiwe libaki jinsi mto ulivyoliacha. Kwatzi iliyobingirishwa na Mto Athi kwa miaka isiyohesabika imeshalainishwa kwa namna ambayo msasa wangu hauifikii. Mtahini anaweza kudai jiwe lililosuguliwa, na ukidaiwa hivyo fanya: msasa wa maji kuanzia 120, 220, 400, 600 hadi 1000, bila kuruka hata mmoja, maana mikwaruzo ya msasa uliorukwa huonekana mwishoni na hukurudisha mwanzo.

Swali la 11. Kwa nini jiwe lisuguliwe likiwa limelowa? (alama 2)

Jibu: Vumbi la kwatzi lina silika, ambayo ikivutwa kila siku huacha makovu kwenye mapafu yasiyopona. Maji hulishika vumbi. Sakafu ifutwe kwa kitambaa kilicholowa, isifagiliwe.

Swali la 12. Ni vitu gani vya nyumbani vinavyosafisha shaba? (alama 3)

Jibu: Ndimu na chumvi, au maji ya ukwaju. Asidi huyeyusha utando mweusi uliobaki baada ya moto. Suuza kwa maji na sabuni, kausha, kisha paka nta ya nyuki kidogo, ambayo Ukambani haikosekani. Ikiwa mkufu una jiwe la chokaa, usilitie ndimu: litatoa povu na kupoteza mng'ao.

Swali la 13. Fundi apangeje bei ya mkufu wake? (alama 4)

Jibu: Jumlisha gharama ya waya, borasi ya kulehemu, msasa, makaa na nauli. Ongeza saa za kazi, kila saa kwa kiwango ambacho fundi wa jua kali wa mji wenu hulipwa. Ongeza sehemu ya uchakavu wa vifaa, kisha faida. Saa ndiyo inayosahauliwa. Shaba ya gramu 12 ni pesa kidogo, lakini pete 113 zilizofungwa moja moja ni kazi ya mchana mzima, na anayemwuzia dalali kwa bei ya shaba amempa mchana huo bure. Mweleze mnunuzi jiwe limetoka mto gani na mkufu umefungwaje, na uandike kwenye kikaratasi.

Jaribu mwenyewe

(a) Rudia hesabu ya Swali la 4 kwa bangili ya sentimita 18, waya wa milimita 0.8 na msumari wa milimita 3. (alama 5)

(b) Jiwe lina gramu 10.6 hewani na 6.6 majini. Ni jiwe gani kati ya yaliyotajwa katika Swali la 8? (alama 3)

(c) Muulize mzee mmoja wa eneo lenu mapambo ya metali aliyoyaona utotoni, ni nani aliyeyatengeneza na yalivaliwa wakati gani. Chora moja kwa vipimo, kisha tengeneza kiungo chake kimoja kwa waya wa shaba. (alama 12)